Kutembea na Kucheza na Watoto Wakati wa Likizo

(Haya ni maneno ya mazungumzo aliyoyatoa mzazi mmoja wa Kakamega mbele ya wazazi wenzake, Jumamosi asubuhi, mwisho wa likizo ya Agosti.)



Mwenyekiti aliponiletea habari kwamba natakiwa kuzungumza juu ya watoto na likizo, nalicheka kidogo, kwa maana mimi si mwalimu wala mganga, wala sikupata kusoma elimu ya malezi mahali popote. Mimi ni karani tu. Kazi yangu iko Nairobi, safari ya zaidi ya kilomita 350 kutoka hapa, na nyumbani huja mara chache kwa mwaka, kama wengi wenu mfanyavyo. Lakini Mwenyekiti akaniambia, "Ndiyo sababu tunakutaka wewe. Tueleze ulivyofanya mwezi huu." Basi nitawaeleza nilivyofanya, pamoja na mambo niliyoyakosea, kwa kuwa huenda makosa yangu yakawafaa kuliko mema yangu.

Nina watoto wawili. Mkubwa ni msichana wa miaka saba, na mdogo wake ni mvulana wa miaka minne. Nilipofika nyumbani mwanzoni mwa Agosti, binti yangu alikuja mbio akanipokea mkoba. Mdogo wake alijificha nyuma ya Kukhu, yaani mama yangu mzazi, akaishika leso yake kwa mikono miwili. Kukhu akamwambia, "Msalimu baba yako." Mtoto akanitazama sana, kisha akamwuliza Kukhu kwa sauti ambayo sote tuliisikia, "Huyu mgeni atalala hapa?" Watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, lakini usiku ule usingizi haukunijia upesi.

Nalikuwa nimekuja na mipango yangu. Nalitaka kumaliza jiko, kununua mabati, na kuonana na jamaa mjini kwa mambo ya kiwanja. Asubuhi ya pili nikamweleza mama watoto mipango hiyo yote kwa taratibu. Akanisikiliza hata nikamaliza, akasema, "Baba watoto, hizo mbao zitakuwapo hata Desemba. Lakini Desemba mtoto huyu atakuwa ametimiza miaka mitano, naye bado anakuita mgeni." Sikuwa na la kujibu. Jiko nikaliacha kama lilivyo, na hata leo halina mlango.

Sasa, kabla sijaendelea, yafaa niseme neno juu ya majira. Nchi za baridi kama Uingereza zina kiangazi chao, miezi michache ya jua ambayo watoto huingojea mwaka mzima, na vitabu vingi vya watoto vimeandikwa juu ya miezi hiyo. Sisi tunakaa karibu sana na Ikweta, juu ya nchi iliyoinuka mita 1500 hivi kutoka usawa wa bahari, na mvua inyeshayo Kakamega kwa mwaka hukaribia milimita 2000. Likizo zetu huja Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Aprili ni masika yenyewe, Agosti nayo ina mvua zake, na jua la kweli halionekani mpaka Desemba hadi Februari. Kwa sababu hiyo wako wazazi wasemao kwamba likizo ya Agosti ni ya matope tu, na watoto na wakae ndani. Mimi nimeona sivyo. Mvua ya kwetu ina desturi yake: mara nyingi asubuhi huwa kweupe, baada ya adhuhuri mawingu hukusanyika, na alasiri ngurumo husikika. Mtu aijuaye desturi hiyo aweza kupata saa nne au tano njema karibu kila siku. Asiyeijua hupatwa na yaliyonipata mimi katika matembezi yetu ya kwanza.

Matembezi hayo yalikuwa mabaya kabisa. Nalikusudia kuwapeleka watoto kulitazama Jiwe Linalolia, pale Ilesi, kando ya barabara iendayo Kisumu. Kwa uvivu wangu tukaondoka saa saba mchana. Sikuchukua chakula, hata kipande cha muhogo, wala maji ya kunywa; na yule mdogo nikamvika viatu vya kanisani, ambavyo vilikuwa vimekwisha kuwa vidogo miezi mingi iliyopita bila mimi kujua. Tukashuka kwenye matatu, tukapanda. Jiwe lile, kama mjuavyo, ni nguzo ndefu ya mwamba, na juu yake limekaa jiwe jingine kubwa kama kichwa juu ya shingo, na maji hutiririka chini yake kama machozi. Hadithi zake ni nyingi. Nikaanza kuwasimulia ile ya msichana aliyempenda kijana ambaye baba yake hakumtaka, akalia hata akageuka jiwe. Binti yangu alisikiliza vizuri, akaniuliza kama yule baba alikuja kumwomba radhi. Mdogo wake hakusikia hata neno moja: alikuwa na njaa, alikuwa na kiu, na vidole vyake vilikuwa vinamwuma. Saa tisa mvua ikaja kwa ghafla. Jiwe likalia, na mtoto akalia, na katika matatu ya kurudi mama mmoja ambaye simjui akampakata bila kuniuliza, akampa ndizi, akanitazama kwa jicho ambalo silisahau.

Basi tangu siku ile tukawa tunaondoka saa mbili asubuhi baada ya kunywa uji, na kurejea kabla ya saa saba. Katika kikapu tulichukua maji yaliyochemshwa, viazi vitamu au mahindi ya kuchemsha, na nguo moja kavu kwa kila mtoto. Tena nilijifunza kwamba mtoto wa miaka minne hapimi njia kwa kilomita. Yeye huipima kwa vitu vya kutazama. Mwendo ambao mimi huumaliza kwa robo saa, yeye huumaliza kwa saa nzima, kwa sababu kila jongoo lazima atazamwe, na kila mfereji lazima urukwe, kisha urukwe tena kurudi. Mwanzoni nalimvuta mkono. Baadaye niliacha kumvuta, kwa kuwa niligundua kwamba mahali tulipokuwa tukienda palikuwa pangu, bali njia ilikuwa yake.

Siku nyingine hatukwenda popote, na siku hizo, nawaambia kweli, zilikuwa njema kuliko nyingi za safari. Wengi wetu twadhani mtoto bila kununuliwa kitu cha dukani hana mchezo. Tazameni uani mwenu. Mwanangu ana gari la waya ambalo binamu yake mkubwa alimtengenezea, na magurudumu yake ni soli za patipati zilizochakaa. Wana mpira wa matambara na majani makavu ya migomba, uliofungwa kwa kamba ya katani. Mpira wa namna hiyo ulikuwa umeanza kusahauliwa, kwa maana sisi tulipokuwa watoto wa baadaye kidogo tuliutengeneza kwa mifuko ya plastiki. Lakini mifuko hiyo ilipopigwa marufuku nchini mwezi wa Agosti 2017, watoto wakarudia matambara na migomba kama babu zao, wala sikusikia mtoto aliyelalamika. Binti yangu ana mwanasesere wa gunzi la mahindi mwenye nywele za mahindi, na huyo humtia adabu kuliko mama yake anavyomtia yeye.

Lakini mchezo ulionifaa mimi ni ngoma. Ngoma ya isukuti ya watu wa Isukha na Idakho, ambayo mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiandika katika orodha ya mila zinazohitaji kulindwa upesi zisipotee, hupigwa kwa ngoma tatu, yaani kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swala na njuga za chuma. Kukhu amewafundisha watoto jambo hilo. Nao walikuwa na makopo mawili ya maziwa ya unga, moja kubwa kidogo kuliko la pili, wakapiga asubuhi na jioni hata majirani wakalalamika. Siku ya nne ya likizo binti yangu akanijia pale nilipokuwa nimekaa, akasema, "Baba, ile kubwa haina mtu." Nikapewa debe la mafuta ya kupikia na vijiti viwili, nikakaa chini mchangani pamoja nao, karani wa Nairobi, na suruali yangu ya kazi.

Nikapiga vibaya. Nilikuwa nimesahau, au huenda sikupata kujua sawasawa hata zamani. Yule mdogo alivumilia kidogo, kisha akaacha kopo lake, akaja akaushika mkono wangu wa kulia, akaupandisha na kuushusha kwa mwendo unaotakiwa, akisema, "Hivi. Hivi." Ilikuwa mara ya kwanza mwaka huu kunigusa kwa hiari yake.

Mzee mmoja ninayemheshimu alinikuta katika hali hiyo, akasimama langoni akitikisa kichwa. Baadaye akaniambia kwa upole kwamba desturi hiyo si yetu. Kwamba mtoto huchezewa na watoto wenziwe, na baba kazi yake ni kulisha na kurudi. Nami namwona yupo hapa asubuhi ya leo, kwa hiyo nitajibu kwa adabu. Ni kweli, Mzee, baba zetu hawakucheza na sisi. Lakini walikuwapo. Mimi nilimwona baba yangu kila siku akilima, akikamua, akisuluhisha ugomvi chini ya mti, akikohoa usiku. Nilimjua kwa mgongo wake na kwa kikohozi chake, wala hakuhitaji kukaa mchangani ili nimjue. Mimi mwanangu hanioni nikifanya lolote. Kazi yangu iko ofisini, mbali na macho yake, na kinachomfikia ni fedha ndani ya simu ya mama yake. Mtu akiwa nyumbani siku 30 tu katika mwaka, hawezi kungoja ajulikane kwa kupita njia. Hana budi kukusudia. Isitoshe, mataifa yalikwisha kukubaliana katika Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, kwamba kucheza na kupumzika ni haki ya mtoto, na Sheria ya Watoto ya nchi yetu ya mwaka 2022 imelitaja jambo hilo vile vile. Lakini sikuketi mchangani kwa sababu ya sheria.

Sasa niseme jambo ambalo nalipenda nisiliseme, ila mama watoto amenikumbusha kwamba niliahidi kuyataja makosa.

Mnajua habari ya dhahabu hapa kwetu. Iligunduliwa mwaka 1931, wageni wakamiminika na mahema yao na majembe yao, na mgodi wa Rosterman ukachimbwa miaka mingi mpaka ulipofungwa mwaka 1952. Lakini uchimbaji wa mikono haukwisha. Hata leo wako watu wachimbao huku na huku, wakakosa walichokitafuta, wakaenda zao bila kufukia. Nyasi huota ukingoni, na baada ya mvua mbili tatu mtu hajui kwamba pana shimo.

Ilikuwa asubuhi ya Jumatano, juma la pili. Usiku mvua ilikuwa imenyesha sana, na asubuhi kulipoanza kupata joto kumbikumbi wakatoka. Hakuna haja niwaeleze furaha ya watoto wa Kakamega kumbikumbi wanapotoka. Wote wawili walichukua makopo yao wakakimbia huku na huku chini ya shamba, wakiokota na kula mle mle, nami nikawafuata, nikakaa juu ya jiwe mahali ninapoweza kuwaona. Nikatoa simu yangu. Nikasoma kidogo. Nilipoinua macho, binti yangu alikuwa pale pale amechutama, na mdogo wake hayupo.

Nikamwita. Nikamwita tena. Upande mmoja ni migomba, upande wa pili ni miwa ya jirani iliyokuwa imekomaa, mirefu kuliko mtu mzima, na mtoto wa miaka minne akiingia humo ni kama aliyeingia majini. Nikaingia katika miwa nikipiga kelele, nikikatwa na majani usoni, wala sikuona kitu wala kusikia ila sauti yangu mwenyewe. Nilipotoka upande wa pili nalikuwa siwezi hata kuita. Ndipo binti yangu, aliyekuwa amenifuata nyuma, akanishika shati akasema, "Baba, nyamaza kwanza. Tusikilize."

Tukanyamaza. Nikasikia nyuki, na boda boda ikipita mbali barabarani. Kisha nikasikia kopo likipigwa, polepole, kwa mwendo ule wa ngoma ndogo.

Alikuwa ameketi nyasini nyuma ya migomba, kopo limejaa kumbikumbi mpaka nusu, akilipiga kwa kijiti, hana habari. Mbele yake, hatua mbili zangu mimi, labda tano zake yeye, palikuwa na shimo ambalo mdomo wake haukuwa mpana kuliko meza. Nilimwondoa kwanza. Kisha nikarudi peke yangu, nikatupa jiwe ndani, na baada ya kitambo nikasikia likianguka majini.

Nilimweleza Kukhu habari zote, nikitazamia kukemewa. Hakunikemea. Alichambua mboga zake kwa muda, akaniuliza, "Ulikuwa ukisoma nini?" Nami nilijaribu sana kukumbuka, nisikumbuke. Mpaka sasa sikumbuki.

Siku iliyofuata tulikusanyika wanaume sita wa kijiji, na tulilifukia shimo lile kwa mawe na udongo, kazi ya siku moja na nusu. Tukazunguka tukapata mawili mengine. Haya tumekwisha kumwarifu naibu wa chifu, na kwa sasa tumeyazungushia miti yenye miiba mpaka yafukiwe. Nawaomba kila mmoja wenu, kabla ya kuwaachia watoto kucheza mahali, apite hapo kwa miguu yake mwenyewe, hasa baada ya mvua, hata kama ni shamba alilozaliwa ndani yake. Kadhalika mito yetu. Isiukhu huonekana mtulivu asubuhi, lakini mvua ikinyesha juu mtoni, maji huja kwa ghafla na jua likiwa linawaka kichwani pako. Na simu, ndugu zangu, iwekwe kikapuni chini ya viazi.

Juu ya mapigano ya fahali nitasema machache, kwa kuwa najua wengi mtaniuliza. Ni mchezo wetu, nami naupenda, na siku ya Jumamosi alfajiri nikisikia vishindo na pembe miguu yangu huwasha. Lakini fahali aliyeshindwa hukimbia popote penye nafasi, na watu hukimbia pamoja naye. Binti yangu atakwenda atakapofika miaka kumi. Mdogo atangoja zaidi, hata akilia.

Safari iliyokuwa njema kupita zote ilikuwa ya msituni. Ni ajabu kwamba watu hutoka Ulaya na Marekani kuja kuutazama msitu wa Kakamega, na sisi tunaokaa kando yake huwa tunauona kwa dirisha la matatu. Wenye elimu husema ni masalio ya misitu mikubwa ya Kongo ambayo zamani ilienea hadi huku, na katika Kenya nzima hakuna mwingine wa namna yake. Sehemu ya kaskazini, upande wa Buyangu, ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1985. Sisi tulikwenda upande wa kusini, Isecheno, sote wanne, tukafika saa mbili na nusu, tukamchukua kijana mmoja wa pale aongozaye wageni. Huyo aliwatazama watoto miguuni kabla ya neno jingine lolote. Akawaingiza suruali ndani ya soksi kwa sababu ya siafu, akasema, "Humu ndani hatukimbii, hatupigi kelele, na hatuwapi kima chakula." Wakatii kuliko wanavyonitii mimi.

Ndani ya msitu kuna giza la kijani na harufu ya udongo uliolowa, na miti mingine mizizi yake imesimama kama kuta, hata mdogo wangu akajificha katikati ya miwili tukamtafuta, mara hii kwa mchezo. Tulimwona mbega mwenye mtoto. Mbega mkubwa, kama mjuavyo, ni mweusi na mweupe, lakini mtoto wake huzaliwa mweupe mtupu kama pamba. Tena mbega hana kidole gumba. Mwanangu hakusadiki, akakunja gumba lake ndani ya kiganja, akajaribu kushika tawi, akaona laweza kushikika, na tangu siku ile hula ugali kwa vidole vinne, jambo ambalo mama yake hajanisamehe.

Kisha tukasikia mshindo juu ya miti kama mtu anayekung'uta mkeka. Walikuwa hondohondo wawili. Yule kijana akatueleza habari ya ndege hao, nami nalikuwa siijui ijapokuwa nimezaliwa hapa. Wakati wa kutaga, jike huingia katika tundu la mti, na mlango wa tundu huzibwa kwa udongo mpaka ubaki upenyo mwembamba. Humo hukaa na yai, kisha na kinda, kwa muda wa miezi, wala hatoki. Dume ndiye atafutaye chakula. Huruka mbali, hurudi na matunda, huyapitisha katika upenyo ule, huondoka tena.

Binti yangu alifikiri, akamwuliza, "Huyo mtoto humjua baba yake?"

Kijana akasema, "Humjua mdomo. Ndio tu unaoingia."

Akafikiri tena, tukawa tumekwisha kuanza kutembea, akasema, "Basi ni kama simu."

Mama watoto alikuwa mbele, akageuka akanitazama, kisha akaendelea na njia. Mdogo alikuwa amechoka kwa wakati huo. Hakumwendea mama yake. Alisimama mbele yangu akainua mikono yote miwili, bila kusema neno, nikambeba mpaka barabarani, na alipolala kichwa chake kilikuwa kizito shingoni pangu, nami sikutaka matatu ije upesi.

Hayo ndiyo niliyoyafanya mwezi huu. Nauli zote na kiingilio cha msituni havikufika bei ya mabati manne niliyokusudia kuyanunua. Kila tulikokwenda ni karibu. Siku nyingine ilikuwa bustani ya Muliro tu, pale mjini, kukaa nyasini na kula njugu, na kuhesabu magari mekundu. Bado hatujapanda kilima cha Buyangu, ambako mtu huuona msitu wote chini yake. Wamenidai Desemba, jua likiwa zuri, na barua yangu ya kuomba likizo nimekwisha kuiandika, imo mfukoni mwangu hapa.

Jumatatu ninarudi Nairobi. Jana usiku mdogo aliniuliza ni nani atakayepiga ngoma kubwa. Nikamwambia nitaipiga mezani kwangu jioni, saa moja, naye asikilize katika simu na kunisahihisha. Akasema debe ni lazima niende nalo, kwa sababu meza haina sauti nzuri. Kwa hivyo mkiniona Jumatatu asubuhi stendi ya mabasi na debe la mafuta chini ya kwapa, msinicheke.

Naona wote wawili wamekwisha kufika pale mlangoni na makopo yao, na saa nne imepita. Mawingu bado yako mbali. Mniwie radhi, wazee wangu. Maswali yenu nitayajibu tukiwa njiani.